Risala ya Klabu ya Katiba na Sheria kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mkuu wa shule, walimu wetu, wazazi mliotoka Bahi na Chamwino na vumbi lote hili, shikamooni na karibuni sana.

Mgeni rasmi, kiukweli tulivyosikia anakuja wakili wa serikali wengi tulidhani ni wale wa kwenye muvi wa kupiga meza na kupaza sauti, kumbe mwalimu wa uraia akatuambia huyu ameandika miswada, ameitetea serikali mahakamani, halafu akachukuliwa kuwa msaidizi wa waziri. Hapo ndo tukachanganyikiwa, maana tukiangalia Bunge kwenye tivii ya bwalo tunaona waziri kasimama, swali la nyongeza limembana, mara kikaratasi kinapita mkono kwa mkono kinamfikia, anakisoma chapchap, anajibu, watu wanagonga meza. Sifa zote zake. Sasa kumbe mwandishi wa vile vikaratasi ndo wewe, leo tumekuona sura!

Tumesoma soma kidogo. Mwaka 2018 kazi za Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali ziligawanywa, jinai ikaenda Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, madai yakaenda kwa Wakili Mkuu wa Serikali, Mwanasheria Mkuu akabaki mshauri wa serikali kwa mambo ya sheria. Na mzee Warioba alikuwa Mwanasheria Mkuu kabla ya kuwa Waziri Mkuu 1985, kwahiyo kutoka kwenye mafaili kwenda kwenye siasa si njia ngeni. Ila kuna swali (mwalimu alitaka tulifute, tukambembeleza): wakili wa serikali kazi yake kumwambia bosi sheria inaruhusu nini, msaidizi kazi yake bosi apate anachotaka, je siku hivyo viwili vikigongana ulikuwa unamwambiaje, tena ukiwa umeshapewa gari na ofisi pale Mtumba, kwenye mji wa serikali hapa Dodoma?

Changamoto zetu. Klabu ina watu wengi ila Katiba ni moja, na ukurasa wenye ibara ya 59, ambayo ndo ya Mwanasheria Mkuu mwenyewe, ulichanika, tunausoma kwenye simu ya mwalimu ikiwa na bando. Tunaomba nakala kumi tu, za Kiswahili. Pia tunaomba utuombee nafasi tuingie bungeni, tunapita nje kila siku na daladala, ndani hatujawahi.

Zawadi yetu ni zabibu za shamba la shule, zipo kwenye ndoo ya bluu hapo chini ya meza, zimeshaoshwa.

Tunaomba kuwasilisha.