Nusu yako, nusu ya shemeji

Houston, Machi

Shoga yangu,

Ujumbe wako wa sauti, kwamba mmehamia Texas na mnataka kila mmoja ajaze ritani yake ya kodi kwa sababu ya mkopo wa chuo wa shemeji, niliusikiliza mara mbili jikoni, mpaka mahamri yakaniungulia. Kumbe ulitoka Ohio ukidhani W-2 yako, ile karatasi ya mwajiri ya mshahara na kodi iliyokatwa, ni yako peke yako! Texas si hivyo. Huku mshahara unaopatikana ndani ya ndoa ni wa wote wawili, sheria iliyobaki tangu enzi za Wahispania na Mexico. Nyanya yangu kule Lamu, aliyekuwa akifunga pesa zake za vitumbua kwenye pindo la leso na babu asithubutu kuuliza, angecheka hadi akohoe.

Sasa sikiza. Mkijaza ritani mbalimbali, kila mmoja anaandika nusu ya mapato yenu yote, na kodi iliyokatwa inafuata mapato. Mwaka mmoja tulipojaza hivyo, mimi nililipwa dola 72,000 nikakatwa kodi 7,200; Baba Pacha 38,000, akakatwa 2,400. Basi kila mmoja wetu akaandika mapato 55,000 na kodi iliyokwisha katwa 4,800. Najua inauma, zamu za usiku nikeshe mimi, dola 2,400 zangu ziende kwake. Lakini na mapato 17,000 yamemwendea pia, nayo yana kodi yake.

Hesabu hiyo huandikwa kwenye Fomu 8958, na kila mmoja huiambatanisha na ritani yake. Hapo ndipo tulipoteleza. Mimi niliiweka, mwenzangu akaiacha mezani chini ya bili ya stima. W-2 yake inasema 2,400, yeye anadai 4,800, karatasi ya kueleza haipo! Barua ya watu wa kodi ikaja, na pesa zake za kurudishiwa zikakwama hadi tulipoituma fomu.

Makato ya Social Security na Medicare, yale ya pensheni na matibabu ya uzeeni, msiyaguse, hayo hayagawanywi. Na mapato ya miezi mliyokuwa bado Ohio ni ya aliyeyachuma, kwa hivyo tafuteni slipu za mwisho za mshahara kabla ya kuhama.

Hilo la kujaza mbalimbali kwa ajili ya mkopo wa chuo wa shemeji, mimi ningepiga hesabu ya pamoja pia kabla ya kuamua. Mkijaza mbalimbali, hata ile nafuu ya kodi kwa riba ya mkopo huohuo hampati.

Jumamosi sina zamu. Nipigie, na shemeji awe amekaa hapo karibu na karatasi zake.

Wako,
Mama Pacha