Umewahi kuumwa malaria? Tuiandike sawasawa kwenye faili lako

Hapa zahanatini kwetu Chake Chake, kila tunapomfungulia mtu faili humuuliza kama amewahi kuumwa malaria. Wengi hujibu "ndiyo, zamani," na wao wameshamaliza. Sisi ndipo tunapoanza, maana tukiandika "malaria" tupu, daktari atakayelifungua faili hilo mwakani hatajua kama ni ugonjwa ulionao, ulioshapona, au ni homa tu isiyopimwa.

Hiyo isiyopimwa ndiyo inayotushughulisha zaidi. Wazee wetu wamekulia zama ambazo karibu kila homa iliitwa malaria na dawa ikanywewa nyumbani bila ya kutobolewa kidole. Homa ya namna hiyo tunaiandika "homa, haikupimwa". Wapo wanaohisi tunawakatalia kauli zao. Sivyo, bibi, kuumwa uliumwa kweli, ila sababu haikujulikana. Na kwa Unguja na Pemba ya leo jambo hili lina uzito, kwani kwa miaka mingi sasa maambukizi visiwani yamekuwa chini ya asilimia 1, na wengi wanaobainika huwa wametoka safari ya Bara. Kwa hiyo tutakuuliza pia ulilala wapi wiki chache kabla ya kuugua.

Tarehe ndiyo tunayoing'ang'ania. Kipimo cha haraka cha kidole hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo huweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea wenyewe kufa. Mtu aliyemaliza dawa wiki tatu nyuma, akija na mafua yake, kipimo kinaweza kusema ana malaria. Tukiiona tarehe kwenye faili, tunampima kwa hadubini ili tujue kama vimelea wapo kweli. Aliyelazwa kwa malaria kali akadungwa sindano za atesuneti naye tunahitaji tarehe yake, kwa sababu baadhi ya wagonjwa hupungukiwa damu kati ya wiki ya kwanza na ya nne baada ya sindano hizo, wakati ambao wamekwisha kurudi kazini na hawana wasiwasi tena.

Jina la dawa nalo tunaliandika. Zanzibar kwa kawaida hutolewa atesuneti na amodiakwini, pamoja na primakwini. Bara wengi hupewa ALu, yaani dawa mseto ya atemeta na lumefantrini. Kama umelisahau, lete boksi. Na kama baada ya kunywa dawa ulipata mkojo mweusi au macho ya manjano, tafadhali usilifiche hilo hata kama limepita miaka mingi. Wenye upungufu wa G6PD, yaani kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, wanaweza kuvunjikiwa na chembe hizo wakipewa primakwini, na daktari lazima alijue kabla hajaandika dawa.

Cheti cha maabara kikitaja aina ya kimelea, kihifadhi. Falsiparamu, ambayo ndiyo nyingi huku kwetu, haijifichi kwenye ini. Vivaksi na ovale hujificha, na zinaweza kumrudia mtu miezi mingi baadaye bila ya kuumwa na mbu mpya.

Wateja wenye safari za nje huja kutaka barua ya historia ya afya. Huko nako wanatenganisha: Marekani malaria ya sasa huandikwa kwa namba za orodha ya magonjwa, B50 hadi B54, na iliyopita kwa Z86.13. Ndiyo maana barua yetu husema wazi "alitibiwa, amepona," na mwaka wake.

Kurekebisha faili hatutozi chochote. Njoo na vyeti, kadi ya kliniki ya mtoto, hata picha ya karatasi iliyo kwenye simu.

Lakini kama una homa sasa hivi, historia tuiache kwanza. Sema hapo hapo dirishani, hasa ukiwa umerudi karibuni kutoka Bara, upimwe siku hiyo hiyo. Ukikutwa na malaria tutatuma taarifa kama inavyotakiwa, na maafisa wa wilaya wanaweza kufika nyumbani kuwapima na wengine. Wakaribisheni, na mwambieni kila aliyelala nyumba hiyo asitoke kabla hajapimwa.