Tupime udongo kabla ya kuanza oda ya vyungu

Habari za jioni, ndugu wafinyanzi. Oda hii ni ya vyungu vyenye vifuniko, kwa hiyo naomba kila mmoja apime kwanza udongo wake unasinyaa kiasi gani. Tengeneza kipande bapa, chora mstari wa sentimita 10 kikiwa bado kibichi, kikaushe taratibu kivulini, kichome, kisha upime mstari tena. Ukibaki sentimita 9, udongo umesinyaa asilimia 10.

Mteja anataka kimo cha sentimita 18 baada ya kuchoma. Usiongeze tu asilimia 10 juu ya 18; gawanya 18 kwa 0.9 (sehemu iliyobaki ya mstari, yaani 9 kwa 10), upate 20. Finyanga 20.

Kifuniko kitoke kwenye udongo uleule wa chungu chake, na vikauke pamoja kifuniko kikiwa juu. Hili tafadhali tulizingatie sana.

Udongo unaonata sana husinyaa zaidi. Kuchanganya vigae vilivyosagwa kunasaidia, hata nyufa hupungua, ila ukibadili mchanganyiko pima upya.

Tumeni picha za vipande vyenu hapa, rula ikionekana, kabla ya Ijumaa.