Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu wanachama wa chama chetu cha mtaa hapa Majengo, Mombasa, assalaam alaykum, na wenzetu wasiokuwa Waislamu, hamjambo.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Mitaro tumezibua mara 4, futari ilipikwa, wenzetu 3 tumewazika. Taa za kichochoro cha nyuma zinawaka, baada ya mimi mwenyewe kwenda afisi za kaunti safari 6 kwa nauli yangu. Mapato pamoja na michango ya maduka shilingi 214,000, matumizi 197,500, baki 16,500. Risiti ziko kwa Bi Mweka Hazina.

Sasa nije kwenye pesa za mwezi wa Agosti, maana yanayosemwa, kwamba nimezitupa na kumlipia jamaa yangu, yamenifikia.

Ni kweli tulikuwa tumeweka 68,000 za kuajiri bawabu wa usiku, awaondoe wanaolala kwenye baraza za maduka. Ni kweli pia kwamba mimi na wanakamati 2 tulichukua 54,000 katika hizo, tukalipa malimbikizo ya kodi ya nyumba 3 zilizokuwa zitolewe vyombo nje. Mkutano sikuuitisha kwa sababu madalali walikuwa waje Jumatatu. Na ule wa Julai niliouitisha, kati ya wanachama 93 mlikuja 11. Ningemuuliza nani?

Wanaolala pale nimekaa nao usiku, si mara moja. Si wageni. Mmoja alikuwa tandiboi, msaidizi wa dereva wa lori, hapa hapa Mombasa. Mizigo ya bandarini ilipoanza kupakiwa kwenye reli ya SGR mwaka 2018, safari zikapungua, kisha zikakatika. Kodi ya miezi miwili ikamshinda, mlango ukatiwa kufuli, mke akarudi kwao na watoto. Unga, yaani heroini, alianza kuuvuta akiwa tayari yuko nje. Nalisema hili kwa wanaoamini kwamba kila aliye barazani ni teja aliyejitakia.

Mwengine alipanga katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba 6 hapa Majengo. Nyumba ilikuwa ya mzee wetu, ardhi ya mtu mwengine, jambo ambalo sisi wa Pwani tunaishi nalo tangu sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908, iliyowapa wachache vyeti na wengi ikawaacha maskwota kwenye ardhi waliyozaliwa. Kiwanja kikauzwa, nyumba ikabomolewa, familia 6 zikatoka siku moja. Katiba, kifungu cha 43, inasema makaazi ni haki ya kila mtu. Sheria ya kudhibiti kodi nayo inamlinda mpangaji wa kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi. Nani hapa bado analipa 2,500?

Wanaosema nimetupa pesa, wahesabu pamoja nami. Bawabu alitaka 15,000 kwa mwezi, hivyo 68,000 zingeisha kwa miezi minne na nusu, na watu wale wangehamia mtaa wa pili. Na watu wakitolewa majumbani, hasara inatufikia sote. Wenye maduka sasa wanafunga magharibi kwa kuwa akina mama wanaogopa kupita. Watoto wawili waliotolewa chumbani mwaka jana hawaendi skuli, wanaokota vyuma chakavu. Mmoja alipigwa na umati akidhaniwa mwizi, na matibabu yake tuliyalipa sisi, 22,000. Na yule aliyefia kwenye baraza wakati wa mvua za Mei, tulichanga 31,000 za maziko. Nilikwenda kuuliza alikokuwa amepanga. Alitolewa kwa deni la 9,000. Mwaka mzima sijaweza kuzisahau hesabu hizo mbili, 31,000 za kumzika na 9,000 zilizomtoa, na ndizo zilizoniamulia mwezi wa Agosti.

Katika nyumba zile 3, mbili wangali ndani na watoto wanasoma. Ya tatu walihama usiku bila kuaga, 18,000 zikaenda nao. Hilo limeniuma, na nalibeba mimi, si wanakamati walionifuata. Lakini kwamba nilimlipia jamaa yangu ni uongo. Hakuna hata mmoja ninayehusiana naye.

Ada ni 200 kwa mwezi. Waliokamilisha mwaka ni 37. Nasikitika kwamba baadhi ya wanaouliza sana kuhusu zile 54,000 hawamo katika 37 hao.

Mwaka ujao, Mungu akijaalia, natumai tutaanzisha mfuko mdogo wa kodi, na tutazungumza na wenye nyumba watuarifu kabla ya kutia kufuli. Vijana wanaotaka kuacha unga tutajaribu kuwafikisha kliniki ya Kisauni inayotoa methadoni, dawa ya kuwasaidia kuuacha. Wazee wawili wameniahidi kusaidia, na tutaona itakavyokuwa.

Daftari la ada liko kwa Bi Mweka Hazina kila siku baada ya alasiri. Swali lolote kuhusu Agosti niletewe mimi mkutanoni, nitalijibu mbele ya wote.

Wenu, Mwenyekiti