Klachi siyo breki jamani, msiusingizie mlima

Ndugu Mhariri, salaam.

Nimesoma gazetini kwenu ile makala inayomshauri mtu wa jiji la milima asihangaike na gari ya manyuo wala pikipiki ya gia, achukue otomatiki na skuta apumzike. Sina ugomvi na otomatiki, mwenye nayo aendeshe kwa raha zake. Ninachobisha ni ile sababu iliyotolewa, kwamba eti gia za mkono na mlima haviendani, gari lazima irudi nyuma na klachi, kile kinachounganisha na kuachanisha injini na gia, lazima iungue. Mlima hauunguzi klachi. Anayeunguza ni dereva anayeitumia klachi kama breki, na huyohuyo ukimpa otomatiki atahamia kuunguza breki kwenye mteremko, maana tabia ni ileile kabadilisha pedeli tu.

Tuuangalie kwanza mlima wenyewe. Barabara ikisemwa ina mwinuko wa asilimia 20 maana yake kila mita 100 za kwenda mbele umepanda mita 20. Mtu akisikia hivyo anaona kawaida, ila gari ya kilo 1200 ikisimama hapo inavutwa kurudi chini kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 235, yani kama watu wazima watatu wananing'inia kwenye bampa la nyuma muda wote taa ikiwa nyekundu. Na kuna miji inazidi hapo mbali. San Francisco kule Marekani mtaa wa Filbert una kipande cha asilimia 31.5, na Baldwin Street ya mji wa Dunedin, Nyuzilandi, ile ambayo Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, wanaitambua kuwa ndo barabara ya mtaani yenye mwinuko mkali kuliko zote duniani, ina asilimia 34.8. Watu wamejenga huko na wanaishi, na magari ya gia za mkono yamekuwa yakipanda vilima vya mijini tangu enzi ambazo otomatiki ilikuwa anasa ya wachache.

Sasa shika foleni ya kupanda, uangalie dereva wa mbele yako anafanya nini. Utaona gari yake haitulii, inasogea mbele kidogo, inarudi kidogo, inasogea tena, na taa za breki haziwaki. Huyo kaishikilia gari kwa nusu klachi, yani pedeli kaiinua nusu tu, na mafuta kidogo, anajiona fundi kabisa. Kule ndani klachi pleti inasuguana na flaiwili, lile gurudumu zito la injini, inayozunguka raundi elfu moja na kitu kwa dakika huku yenyewe haiendi popote, joto lote linaishia kwenye pleti, na baada ya taa mbili tatu za hivyo ndo unasikia ile harufu kali kama ya kitu cha mpira kilichokaangwa, alafu jioni anashuka kwenye gari analalamika kwamba manyuo hazifai kwa milima. Hazifai vipi wakati umeisugua mwenyewe bila sababu? Hendibreki iko pale pembeni ya paja inakusubiri.

Kuondoka mlimani wala siyo uchawi. Gari imesimama, hendibreki iko juu, mguu umetoka kwenye breki. Taa ikikaribia kubadilika ingiza namba moja, ongeza mafuta kidogo kuliko unavyozoea barabara tambarare, inua klachi taratibu mpaka usikie mlio wa injini unashuka na pua ya gari inanyanyuka kidogo. Hapo mguu wa klachi usiendelee kupanda, uache palepale. Hendibreki ndo ishushwe sasa, mkono utulie huku kitufe kimebanwa, na gari itaondoka yenyewe bila kurudi hata inchi. Kosa la wengi ni kuachia hendibreki kabla pua haijanyanyuka, au kuhisi imenyanyuka wakaogopa kuzima wakakandamiza tena klachi chini, na hapo lazima irudi. Ikizima isiwe kesi, kanyaga breki ya mguu, vuta hendibreki, washa uanze upya, anayepiga honi nyuma apige mpaka achoke, honi haijawahi kupandisha gari ya mtu.

Na huyo wa nyuma nina neno naye. Kwenye mwinuko unasogeza bampa lako mpaka unasoma vumbi kwenye namba ya mwenzako ili iweje? Hata dereva mzuri gari inaweza kumrudia kidogo. Simama mahali ambapo unaona tairi zake za nyuma zinakanyaga lami, na kama ni lori au basi ongeza tena. Nafasi hiyo haikucheleweshi hata sekunde, taa ni ileile moja.

Kuna magari ya siku hizi yana mfumo wa kushikilia breki sekunde mbili hivi baada ya kuinua mguu ili upate muda wa kuhamia kwenye mafuta. Wengi wanadhani ni teknolojia ya juzi lakini kifaa cha kushikilia gari ya manyuo mlimani kilikuwepo kwenye magari ya Studebaker, kampuni ya Marekani, tangu 1936. Kwahiyo hata watengenezaji tatizo walilijua mapema, na hawakusema watu waache gia, walitafuta namna ya kuishika gari kwa breki badala ya klachi.

Nikija kwenye pikipiki, hapa makala ilinishangaza zaidi kwasababu pikipiki ya gia mlimani ina faida ambayo gari haina. Klachi ya pikipiki nyingi ni pleti kadhaa zinazoogelea ndani ya oili, tofauti na ile moja kavu ya gari, kwahiyo inavumilia nusu klachi kwa muda bila kulalamika (kuvumilia, sijasema kuipenda). Kinachowaangusha wanaoanza ni mkono wa kulia. Mkono huohuo ndo unaokamata breki ya mbele na ndo unaozungusha mafuta, sasa mtu kasimama mlimani kakamata breki ya mbele, akitaka kuondoka inabidi aachie breki na kuzungusha kwa mkono mmoja wakati huohuo, pikipiki inarudi, anashtuka, anazungusha mafuta mengi, anaachia klachi ghafla, tairi ya mbele inanyanyuka. Akiwa na abiria nyuma ni mbaya zaidi maana uzito wote umekaa juu ya tairi ya nyuma na mlima nao unaongezea.

Dawa yake ni mguu wa kulia. Ukisimama mlimani mguu wa kushoto ndo ushuke chini, wa kulia ubaki kwenye breki ya nyuma, mkono wa kulia ubaki na kazi moja tu ya mafuta. Klachi ikianza kushika utaisikia pikipiki inavuta na nyuma inabonyea kidogo, achia breki ya mguu polepole, nenda. Namba moja uwe umeshaingiza kabla ya kusimama, kwasababu ukiisahau kwenye namba mbili au tatu utataka kuishusha kwa mguu wa kushoto ambao ndo umekushikilia, na kuhamisha miguu pale juu na abiria mgongoni ndo namna watu wanavyolala chini wakiwa wamesimama. Mwambie na abiria asogee mbele akushike kiuno, asining'inie nyuma.

Ila yote haya ni ya kupanda, na kupanda bana ukikosea sana unazima au unagusa bampa la mtu. Kushuka ndo kunaua na makala haikugusa kabisa. Kuna imani sijui ilitoka wapi kwamba ukishuka na nyutro, ile ya kuiachia gari fri, unaokoa mafuta. Kwa gari ya injeksheni, yani ambayo kompyuta ndo inapima mafuta ya injini, ni kinyume. Ukishuka ikiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, kompyuta inakata mafuta kwa sababu tairi ndo zinazungusha injini. Ukiweka nyutro injini inabidi ijizungushe yenyewe kwahiyo inakunywa. Wapo wanaozima na injini kabisa, hawa sijui niseme nini. Injini ikizima breki inabakiwa na msaada wa kukanyaga mara moja mbili tu, baada ya hapo pedeli inakuwa ngumu kama imechomelewa, usukani nao unakuwa mzito, na ukizungusha ufunguo mpaka mwisho usukani unaweza kujifunga kabisa. Jimbo la California kuteremka na nyutro ni kosa kisheria, na wala siyo kwa ajili ya mafuta.

Gia ndogo kwenye mteremko inafanya kazi ambayo breki peke yake haiwezi kuifanya muda mrefu. Breki inageuza mwendo kuwa joto, joto linapanda mpaka kwenye mafuta ya breki, na mafuta hayo yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani kadri yanavyokaa. DOT 3, aina mojawapo ya mafuta ya breki, ikiwa mpya kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi 205, ikishanyonya maji kiwango hicho kinashuka mpaka 140. Yakichemka yanatoa mapovu, na povu linabanwa tofauti na mafuta, kwahiyo unakanyaga pedeli inazama mpaka chini na gari haina habari. Ndo maana ya kushusha gia kabla hujaanza kuteremka, siyo katikati ukishashikwa na hofu. Kama ulipanda na namba mbili basi shuka na mbili, au moja kama ni kali mno.

Na hapa ndo skuta iliyosifiwa ina udhaifu wake. Nyingi klachi yake inafanya kazi kwa mzunguko wa injini, raundi zikishuka sana inajiachia yenyewe, yani kwenye mteremko wa polepole unajikuta uko fri bila kupenda na kazi yote ni ya breki. Sisemi isinunuliwe, nasema anayenunua aambiwe. Pikipiki ya gia unaishusha namba moja, inanguruma, inajizuia, vidole viwili tu juu ya breki ya mbele kwa tahadhari.

Kuegesha nipite haraka. Gari ikiangalia juu iache kwenye namba moja, ikiangalia chini iache kwenye rivasi, hendibreki juu, alafu kata tairi: ikiangalia chini zielekee ukingoni, ikiangalia juu zielekee barabarani, ili ikiponyoka ikwame kwenye ukingo wa barabara. San Francisco wanakuandikia faini usipokata tairi mwinuko ukizidi asilimia 3 tu. Pikipiki iangalie juu, iwe kwenye gia, maana ukiilaza kwenye stendi ya pembeni ikiangalia chini inasogea mbele na stendi inajikunja.

Ombi langu kwenu Mhariri, huyo mwandishi wenu wa magari aandike tena, safari hii awaulize wafundishaji wa udereva kwanini mwanafunzi anajifunzia uwanja tambarare, anapimwa palepale tambarare, anapewa leseni, alafu hendibreki ya kuondokea mlimani anakuja kujifunza peke yake kwenye foleni na lori likiwa nyuma yake.

Msomaji wenu, mtu wa gia