Mahafali ya chekechea yafanyike bustanini, si jukwaani

Mhariri,

Msimu wa mahafali ya madarasa ya awali unakaribia, na katika shule nyingi ratiba itavurugika kuanzia katikati ya Oktoba. Watoto wa miaka mitano watapangwa mistari wakariri ngonjera na hotuba ya Kiingereza wasiyoielewa. Siku yenyewe ikifika wataketi tangu saa mbili asubuhi wakimsubiri mgeni rasmi anayefika saa tano au sita, huku joho la nailoni likizuia jasho kukauka. Wengine huanza kutapika au kulegea kabla jina la kwanza halijaitwa, na si ajabu: mtoto mdogo hupata joto mwilini upesi kuliko mtu mzima, na mara nyingi hasemi kwamba ana kiu.

Majuma hayo sita, tangu katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Novemba, ndiyo mvua za vuli zinapoanza. Ardhi inalainika, majongoo na konokono wanatoka, kumbikumbi wanaruka. Hakuna kipindi kizuri zaidi cha kumfundishia mtoto nje ya darasa, nasi tunakitumia kwa mazoezi ya jukwaani. Mtaala wa elimu ya awali unadai mtoto ajue kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya na kutunza mazingira. Hayo yote yanaonekana uwanjani, na mzazi akiyaona kwa macho yake hahitaji ngonjera kuthibitishiwa kwamba mwanawe amesoma.

Naomba basi walimu wakuu na kamati za shule wapange siku ya maonyesho ya nje badala ya mahafali ya jukwaani, na maandalizi yake yaanze na mbegu.

Tukichukulia siku ni Jumamosi ya mwisho ya Novemba, mchicha upandwe siku 28 kabla. Hapo upimaji wa darasa la nne, unaodai utulivu shuleni katika nusu ya pili ya Oktoba, utakuwa umekwisha. Tuta lisizidi upana wa sentimita 80, kwa sababu mkono wa mtoto wa miaka mitano haufiki mbali zaidi ya 40 bila yeye kukanyaga miche. Samadi iwe imeoza kabisa, isiyo na joto wala harufu kali, ndoo moja ya lita 20 kwa mita mbili za mraba. Samadi mbichi huunguza mizizi, na hilo ndilo linaloua bustani nyingi za shule. Mbegu za mchicha ni ndogo mno kwa vidole vya mtoto, hivyo changanya kijiko kimoja cha mbegu na vijiko kumi vya mchanga mkavu, watoto wanyunyize kwenye mifereji iliyoachana sentimita 20, kisha wafukie kidogo sana, kama nusu sentimita. Funika kwa nyasi kavu, uziondoe mara miche inapochomoza, kwa kawaida siku ya nne au ya tano. Ukichelewa, miche hurefuka ikiwa myembamba na kulala chini.

Kingine kinachoharibu ni umwagiliaji. Mtoto akipewa kopo humimina maji yote mahali pamoja, na mbegu zinasombwa. Mpe chupa ya nusu lita yenye matundu sita au manane kwenye kizibo, yaliyotobolewa kwa msumari mwembamba. Juma moja baada ya tuta la kwanza, pandeni la pili. Mvua ikibomoa moja, lipo jingine, na yote mawili yakisalimika watoto watakuwa na miche ya umri tofauti ya kulinganisha. Kila mtoto apime mche wake kwa uzi mara moja kwa juma, akate uzi kwa urefu huo, aubandike kwenye karatasi. Nyuzi nne zilizopangwa kutoka fupi hadi ndefu ni hisabati ambayo hata bibi asiyejua kusoma ataielewa mjukuu wake akimweleza.

Eneo la mchanga nalo linahitaji uangalifu, maana shule nyingi hulianza vizuri likageuka choo cha paka. Shimo la mita mbili kwa tatu linatosha watoto wanane kwa wakati mmoja. Lichimbwe sentimita 40: kumi za chini kokoto ili maji yapite, thelathini za juu mchanga wa mto uliochekechwa. Hiyo ni karibu mita za ujazo 1.8 za mchanga. Udongo wa kichanga usitumike, kwani ukikauka unaruka machoni na ukilowa unakuwa tope. Jioni lifunikwe kwa wavu uliokazwa kwenye fremu ya mbao. Wavu huzuia paka na hupitisha mvua na hewa, ilhali turubai hutuamisha maji juu yake. Kinyesi cha wanyama kwenye mchanga huleta minyoo, ikiwemo ile inayopenya ngozi ya miguu. Kila asubuhi mtu mzima apitishe reki hadi chini kutafuta miiba, vioo na nge kabla mtoto yeyote hajaingia.

Matairi ya kuchezea ni ya bei nafuu na watoto huyapenda, ila tairi lililolala wazi ni nyumba ya mbu. Mbu anayeeneza homa ya dengue, iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana kwenye maji machache kama hayo na huuma mchana, saa ambazo watoto wako shuleni. Tairi linalolazwa litobolewe matundu manne upande wa chini. Linalosimamishwa lifukiwe nusu, na sehemu iliyo chini ijazwe udongo. Lipakwe rangi nyeupe au ya njano, maana mpira mweusi uliokaa juani huunguza mapaja. Tairi lililotokeza nyaya lisikubaliwe hata likitolewa bure.

Kwa mchezo wa maji, beseni lenye kina cha vidole vinne linatosha. Weka chupa ya lita moja, ya nusu na ya robo, watoto wagundue wenyewe kwamba robo nne hujaza lita. Mtu mzima asiondoke hapo hata dakika moja, na beseni limwagwe mara mchezo unapokwisha. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji yasiyofika goti.

Matembezi ya kuangalia mazingira yasizidi mita 500 kwenda. Mwalimu apite njia hiyo siku moja kabla, aangalie mashimo ya choo yasiyofunikwa, mizinga ya nyuki, mbwa, na mahali bodaboda zinapokatiza. Aangalie pia mimea. Utomvu wa minyaa, mimea iliyozoeleka kwenye nyua za nyumba zetu, unaweza kupofusha. Mbegu za mbono na za mnyonyo ni sumu, na watoto huzila wakidhani ni karanga. Utomvu ukiingia jichoni, lisafishwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha mtoto apelekwe hospitali. Msisimame chini ya mnazi wenye nazi.

Watoto kumi washike kamba ya katani ya mita nane yenye mafundo kila sentimita 70, mtu mzima mmoja mbele na mwingine nyuma. Yawe mafundo, si vitanzi. Mtoto aliyepitisha mkono kwenye kitanzi akianguka huburutwa na wenzake. Kiwango kinachotajwa cha darasa la awali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na madarasa mengi yamevuka hapo, kwa hiyo wazazi waombwe mapema kusindikiza kwa zamu. Majani na mbegu vikusanywe kwenye bahasha za kaki. Jongoo aangaliwe akitembea kwenye kijiti. Akishikwa hutoa majimaji yanayowasha macho, hivyo mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kitu kingine chochote.

Siku ya maonyesho, anzeni saa mbili kamili asubuhi na mmalize kabla ya saa nne na nusu. Darasa la watoto 40 ligawanywe makundi matano ya wanane, na vituo viwe vitano: bustani, mchanga, maji, matairi, na meza ya majani. Kila kituo dakika 12, na dakika tatu za kuhama. Yote yatachukua saa moja na robo. Mtoto ndiye anayemwongoza mzazi wake na kumweleza. Mwalimu asimkatishe akikosea jina la jani. Mgeni rasmi azunguke vituo kama wazazi wengine, kisha aseme dakika tano chini ya mti. Akichelewa, shughuli iendelee. Nyimbo mbili zinatosha, na spika iwe mbali na watoto, isielekezwe masikioni mwao.

Turubai lifungwe kwa kufuata jua la msimu huo. Kuanzia nusu ya pili ya Oktoba hadi Februari, jua la adhuhuri Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma hupita kusini mwetu, na kivuli cha ukuta huangukia kaskazini. Julai ni kinyume chake. Anayepima kivuli wakati wa likizo ya katikati ya mwaka atawaketisha watoto juani Novemba. Asubuhi saa mbili hadi nne, upande wa magharibi wa jengo au mti ndio wenye nafuu.

Maji ya kunywa yahesabiwe nusu lita kwa kila mtoto, yaani ndoo moja ya lita 20 kwa darasa hilo, yawe yamechemshwa na kufunikwa. Pilau iliyopikwa alfajiri ikaliwa mchana huharibu matumbo. Ndizi na machungwa yanatosha.

Vyeti vitolewe kwenye tuta, kila mtoto akiwa ameng'oa fungu lake la mchicha kupeleka nyumbani. Msing'oe yote. Acheni mashina matano au sita yenye afya mwisho wa tuta, yachanue na kukomaza mbegu wakati wa likizo, na mlinzi aombwe kuyakata masuke yakikauka na kuyaning'iniza ndani ya mfuko wa karatasi. Januari watoto wapya watazikuta mbegu za kaka na dada zao zikiwasubiri.

Mwalimu wa elimu ya awali,
Morogoro