Barua kwa Dada Nsimire, Goma

Bukavu, Jumapili jioni

Dada Nsimire,

Salamu sana kutoka Kadutu. Sisi tuko, watoto wanasoma, mvua haituachi. Unisamehe kimya cha miezi hii. Mama aliugua, na tangu hapo sijatulia.

Ilianza na malaria, juu ya ule ugonjwa wake wa sukari. Siku ya pili alikataa hata uji, na sindano ya insulini akairudisha kwenye kikopo chake: «Hii ni ya kushusha sukari ya chakula. Leo sikukula kitu, nijichome ya nini?» Na mimi nikaona anasema kweli. Nsimire, hiyo ndiyo inayoniuma mpaka sasa.

Kesho yake alikunywa maji kopo kwa kopo, anakojoa kila mara, kisha akaanza kutapika. Usiku nikasikia anavyopumua: kwa nguvu, haraka, kama mtu aliyepandisha gunia kutoka sokoni. Kinywani harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Nikamtoboa kidole kupima sukari: 438! Yeye ambaye asubuhi huwa na 120, 130. Baba Amani akatafuta pikipiki, tukamshika Mama katikati mpaka hospitalini.

Walimtia serumu, insulini ikapita kwenye mshipa, wakampima kila saa mpaka kukacha. Daktari aliuliza nani alimruhusu kuacha sindano. Nikanyamaza.

Baadaye akanieleza polepole. Mwili ukipigana na homa, ini linamwaga sukari kwenye damu, ule usile. Insulini ikikosekana, mwili unachoma mafuta, na mafuta hayo yanaleta asidi. Ile harufu ilitoka huko. Kwa hiyo siku ya ugonjwa ndiyo ya kupima zaidi, kila saa nne hivi, kunywa maji, na kumuuliza daktari kiasi cha kuchoma. Anaweza kukibadilisha. Lakini kuacha tu hivi, kwa sababu hajala, hapana.

Nimekuandikia kwa sababu Mama Furaha ameniambia baba yako naye wamemwanzishia sindano. Ongea naye sasa, akiwa mzima, usingoje homa. Na sukari ikishuka chini ya 70, akitoka jasho na kutetemeka, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari ndani ya maji, ngojeni dakika 15, mpimeni tena. Asipoweza kumeza, msimtie kitu kinywani, mkimbizeni.

Umeme wa hapa unaujua. Insulini yetu inakaa kwenye chungu ndani ya chungu, mchanga uliolowa katikati, na chupa iliyofunguliwa haipiti siku 28.

Sasa ombi. Bandeleti za kupimia sukari zimetuishia. Mtoto wa Mama Furaha anapanda boti Jumatano, nimempa boksi tupu uonyeshe famasi. Ziwe hizo hizo. Za aparei nyingine ya kupimia hazisomi kwetu, hata kama ni za bei rahisi. Pesa anayo.

Mama amerudia nguvu. Jana kanikemea kwamba bugali nampimia kama dawa, ngumi moja tu, sombe na samaki wa sambaza juu. Nilifurahi kumsikia akilalamika.

Baba yako nani anamchoma? Mna aparei nyumbani, au mnampeleka kila mara? Miguu yake mnaiangalia, hata katikati ya vidole? Anakubali kupunguza chai yake tamu? Na wewe, ule mgongo? Nijibu kwa mtoto huyo huyo, anarudi Jumamosi.

Ni mimi dada yako,
Mama Amani